Ugonjwa wa sukari katika Kabondo: tangu vidudu vya mkojo mpaka tone la damu

Katika vijitabu vya namna hii tumezoea kuandika juu ya ngoma, mahari, matanga na majina ya mapacha. Safari hii tumeona vema kuandika juu ya kitu kisichochezewa ngoma: namna watu wa Kabondo walivyozoea kusoma mwili wa mgonjwa, na hasa namna walivyoutambua, au walivyoshindwa kuutambua, ugonjwa wa sukari. Hiyo nayo ni mila. Kila jamaa ina kawaida yake ya kuuliza "huyu anaumwa na nini?", na kawaida ya kuamua apelekwe kwa nani kwanza, kwa mzee wa majani, kwa mchungaji ama kwa munganga wa hospitali. Kawaida hiyo ina historia, na katika jamaa yetu historia hiyo ilikula mguu wa mtu.

Baba mdogo wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kabondo. Mwaka wa 1995 alianza kunywa maji usiku. Aliweka bidoni ya lita 5 kando ya kitanda, na asubuhi bidoni ilikuwa tupu. Akawa anatoka nje mara nne, mara tano, na mvua ya Kisangani kila mtu anaijua. Mwanzoni mke wake alicheka, akisema bwana amekuwa samaki. Halafu mwalimu akaanza kukonda, ijapokuwa alikula kuliko sisi wote. Suruali ikashikwa na kamba. Tukasema ni mawazo, maana katika miaka ile mshahara wa Serikali ulikuwa hadithi, wazazi wa wanafunzi ndio waliochanga falanga za kumlisha mwalimu.

Lakini kukonda, katika miaka ile, kulikuwa na jina moja tu: SIDA. Hakuna aliyelitaja mbele yake. Sahani yake tu ndiyo ilianza kuwekwa peke yake, na kikombe chake pia. Yeye mwenyewe aliona, akaelewa, akalikubali jina hilo ndani ya moyo bila kupimwa. Alikataa kabisa kwenda kutoa damu. "Nikijua, nitakufa mbele ya siku yangu," alimwambia rafiki yake mmoja. Hapo ndipo miezi minane ilipopotea, na hakuna mchawi aliyeiiba.

Kisha msumari wa kiatu ulimchoma kidole cha mguu. Hakusikia uchungu. Alitembea nao siku nzima, jioni alipovua soksi akakuta damu. Kidonda hakikupona. Kikawa cheusi, kikatoa harufu, kikapanda. Basi sasa jina likabadilika: haikuwa SIDA tena, ilikuwa mbasu. Wasomaji wetu wanajua neno hilo la Lingala, kidonda cha mguu ambacho watu husema mtu "ametupiwa", ama amekanyaga dawa iliyozikwa njiani. Ikatafutwa sababu, na mwenye kutafuta sababu hakosi kuipata: palikuwa na ugomvi wa kiwanja, palikuwa na shangazi aliyenyimwa nguo ya matanga. Mzee wa majani alichanja mguu kwa wembe, akapaka unga mweusi. Kuku watatu walitoka. Na sisi hatukuwa mbali, tusijifanye wageni: ni sisi tuliobeba wale kuku.

Aliyeona kitu kingine alikuwa koko yetu, mama yake mwalimu. Nyuma ya nyumba, pale mwanawe alipozoea kusimama usiku asifike chooni, aliona msafara wa vidudu vyeusi vidogo. Akamwaga majivu, kesho yake vimerudi, na vilikuwa hapo tu, si penginepo. Hakusema kitu kwetu. Alifunga kitambaa, akaenda kwa jirani, mzee mmoja Mlokele ambaye mtaa mzima ulimwita Papa Infirmie. Yule mzee alikuja, akatazama mguu, akasema maneno ambayo tunayakumbuka hivi hivi kama alivyoyasema:

"Huyu mutu hana mbasu. Iko na sukari. Mulete mukojo yake asubui, mbele hajakula kitu. Na ile wembe, muache."

Hapa inafaa tumwache mwalimu kidogo, tueleze yule mzee alitoa wapi ujuzi wake.

Alifundishwa Yakusu, chini ya mto, ambako Wabaptisti wa Uingereza walikuwa na misioni na hospitali katika nchi ya Walokele. Dokta Clement Chesterman alifika huko mwaka wa 1920. Kazi kubwa ya siku zile ilikuwa malale, ule ugonjwa wa usingizi uliomaliza vijiji vizima. Chesterman aliona kwamba Mzungu mmoja na sindano yake hawatatosha, akafundisha vijana wa mahali kutumia hadubini na kuchoma sindano, na vijana hao wakatawanywa katika dispanseri za vijijini. Dokta Stanley Browne, aliyekuja mwaka wa 1936 akakaa mpaka 1959 na akajulikana duniani kwa kazi ya ukoma, aliendelea na njia ile. Wazee wengi walioitwa "infirmie" katika Stanleyville ya zamani walikuwa matunda ya shule za namna hiyo.

Katika vitu walivyojifunza kulikuwa na kipimo cha mkojo. Papa Infirmie alipenda kukisimulia, na mikono yake ilikisimulia pia. Unatia ndani ya chupa nyembamba dawa ya rangi ya buluu, unaongeza matone machache ya mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, kidogo iko. Ikiwa ya machungwa ama nyekundu kama tofali, basi mtu huyo ni mgonjwa kweli. Dawa hiyo iliitwa kwa jina la Mmarekani Stanley Benedict, aliyeitengeneza mnamo mwaka wa 1908. (Si Stanley yule wa maporomoko. Papa Infirmie alifurahi kila mara mtu alipokosea.)

Koko yetu hakujua chupa wala Benedict. Yeye alijua vidudu, kwa sababu mama yake alimwambia hivyo. Wala tusidhani ni ujinga wa mashambani. Waganga wa Uhindi wa kale waliandika, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, juu ya mkojo wenye utamu wa asali unaovuta vidudu, wakauita ugonjwa huo kwa jina la asali. Na katika lugha yao hiyo hiyo lilizaliwa neno lililopita kwa Waajemi na Waarabu likawa "sukari", ambalo lilisafiri na Waungwana kutoka pwani mpaka kwenye maporomoko yetu, pamoja na mpunga na pamoja na Kiswahili hiki tunachoandika. Wagiriki walitazama upande mwingine, waliona maji yanayopita ndani ya mtu kama ndani ya bomba, na hilo ndilo neno ambalo Wafaransa hutamka "diabète". Ibn Sina, aliyekufa mwaka wa 1037, aliuandika katika Qanun yake. Huko Uingereza, Thomas Willis alionja mkojo wa wagonjwa katika karne ya 17 na kuukuta mtamu. Mwaka wa 1776 Matthew Dobson aliukausha mkojo juu ya moto, na kilichobaki ni sukari yenyewe. Alionyesha pia kwamba ile sukari imo ndani ya damu. Kwa hiyo koko, akisimama nyuma ya nyumba na majivu mkononi, alikuwa amefika mahali ambapo Ulaya ilifika baada ya safari ndefu.

Lakini vidudu vina kasoro, na ni lazima tuitaje wazi, maana wako watu mpaka leo wanaovitegemea. Figo hazimwagi sukari mpaka ile ya damu ipite kiasi, yaani karibu miligramu 180 katika desilita moja ya damu. Mtu anaweza kuwa mgonjwa miaka mingi kabla ya kidudu cha kwanza kufika. Kukosa vidudu si cheti cha afya.

Sasa swali ambalo lilitusumbua tulipoanza kuandika: kama ishara hii ilijulikana, kwa nini wazee wetu hawakuuona ugonjwa huu kuwa jambo kubwa? Jibu la kwanza ni kwamba labda haukuwa wa wengi. Dokta Albert Cook, aliyefanya kazi Mengo katika Uganda, aliandika mwaka wa 1901 kwamba ugonjwa huu ni nadra huko, ila ukimpata mtu, unaua. Hata mwaka wa 1989, watafiti waliokuwa pamoja na Donald McLarty walipopima watu wa vijiji vya Tanzania, walikuta wagonjwa chini ya mtu mzima 1 kwa 100. Mtu aliyevua kwa mtego wa Wagenya, aliyekwenda shamba kwa mguu na kurudi na mzigo kichwani, mwili wake uliichoma sukari yote.

Jibu la pili linagusa utawala wa kikoloni. Hospitali za wakati ule zilihesabu walichokitafuta: malale, ukoma, malaria, surua. Stanleyville ilikuwa na laboratwari ya maana, hata chanjo ya polio ilijaribiwa katika mji huu mwaka wa 1957, na kambi ya masokwe ilijengwa kwa ajili yake kwenye mto Lindi. Sayansi haikukosekana. Lakini mtu mweusi mwenye kiu hakuwa swali la mtu yeyote, kwa kuwa ilisemekana kwamba sukari ni ugonjwa wa Wazungu wanene. Kwa maoni yetu, fikira hiyo ilidumu kuliko ukoloni wenyewe. Mwaka wa 1995 ilikuwa ingali hai Kabondo: baba mdogo alikuwa maskini na mwembamba, sasa angepata wapi ugonjwa wa bwana mkubwa?

Kumbe wembamba hauzuii. Tangu 1955, Philip Hugh-Jones aliona katika Jamaika wagonjwa wembamba ambao hawakufanana na wale wa vitabu. Baadaye Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka mwaka wa 1985 kundi la ugonjwa wa sukari unaotokana na njaa, kisha mwaka wa 1999 likaliondoa. Wengine wakati huo walishuku mihogo yetu isiyolowekwa vizuri, jambo ambalo halikuthibitishwa, kwa hiyo sombe na fufu vinaweza kutulia. Mwezi wa Aprili 2025 shirikisho la kimataifa la ugonjwa huu lilikubali tena kundi hilo, likaliita aina ya 5. Wataalamu wangali wakibishana, lakini kwetu maana yake ni nyepesi: mtu aliyekulia katika njaa ya vita naye anaweza kuwa na sukari.

Turudi kwa mwalimu. Mkojo ulipelekwa, ukachemshwa, ukawa kama tofali. Alipelekwa hospitali juu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, mguu umefungwa kitambaa na mtoto akikimbia nyuma kuushika usigonge. Munganga alitueleza bila hasira, na pengine ingefaa akasirike. Sukari nyingi katika damu huua mishipa ya fahamu ya miguu, ndiyo sababu msumari haukusikika. Huharibu pia mishipa ya damu, na damu isipofika, kidonda hakiponi. Kuona ukungu, kufa ganzi vidole, vidonda sugu, uchovu, kiu, mkojo wa usiku, yote ni mti mmoja wenye matawi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Walimpima na ile SIDA pia, kwa idhini yake sasa: hakuwa nayo. Mkewe alilia sana siku hiyo, na hakulilia mguu, alililia sahani.

Alipewa vidonge, akarudi darasani na magongo. Halafu vita. Kutoka 1998 meli za biashara za Kinshasa hazikupanda tena mpaka 2003, na kila kitu kilichokuja na mto kilikosekana, chumvi, sabuni, dawa. Katika siku sita za Juni 2000, tarehe 5 mpaka 10, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji wetu, alilala chini ya kitanda na karatasi ya vidonge vinne mfukoni. Mabomu hayakumpata. Alikufa mwaka wa 2002, baada ya miezi mingi ya kutumia majani chungu peke yake. Watu wengi hapa huamini kwamba uchungu huondoa utamu, na ndiyo sababu mubirizi na kongobololo huchemshwa. Hatudharau majani. Hata metformini, kidonge ambacho hutolewa zaidi ya vyote leo, asili yake ni utafiti wa jani moja la Ulaya, na Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyeonyesha mwaka wa 1957 kwamba inafaa wagonjwa. Lakini metformini hupimwa kwa miligramu, na sufuria ya koko haina mizani.

Kisa cha pili ni kifupi na ni kigumu. Mwaka wa 2009, katika ua wa jirani, msichana wa miaka 11 alikuwa akikojoa kitandani, jambo aliloacha zamani. Walimpiga kwa hilo. Baada ya wiki chache alianza kutapika, akapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka kama tunda lililoiva mno. Wengine walisema ni ndoki. Wengine, wenye busara zaidi, walimpeleka kwenye kituo cha matibabu ambacho hatutakitaja, na huko, kama ilivyokuwa kawaida kwa kila mtoto anayetapika, waliona malaria wakamtundikia kwinini ndani ya serumu ya glukozi. Yaani sukari, moja kwa moja ndani ya mshipa. Alifariki kabla ya asubuhi. Yule mwuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi, na hakuwa na kipimo.

Sukari ya watoto si ile ya mwalimu. Hapo mwili hautengenezi insulini kabisa, na bila insulini mtoto hufa, hakuna njia nyingine. Dunia iliijua dawa hiyo tangu Januari 1922, wakati kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa sindano huko Toronto. Wagunduzi waliuza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja, ili asiweko mtu wa kuifunga. Mama mwenye kuuza mihogo sokoni Kabondo, akiulizwa leo bei ya chupa moja ya insulini, atashangaa kusikia habari ya hiyo dola.

Tangu 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni linasema malaria kali ya watoto itibiwe kwa artesunati badala ya kwinini, na kwa hiyo zile serumu za glukozi zimepungua. Malaria yenyewe sasa ina kipimo chake cha haraka. Ila desturi ya kuita kila homa "malaria" haijafa, na hapo ndipo tunapowaomba wazazi wawe wasumbufu. Glukometa ni kimashine kinachotoshea kiganjani, kinataka tone moja la damu ya kidole na sekunde chache. Mtu akipimwa kabla ya kula, akakutwa na 126 ama zaidi, na kipimo kikirudiwa kikawa vile vile, ana ugonjwa. Mwenye kiu na mkojo mwingi akikutwa na 200 ama zaidi, saa yoyote, hahitaji kungoja. Kabondo ni zone ya afya na ina hospitali yake kuu, kwa hiyo njia si ndefu kama ile ya Papa Infirmie. Kilicho kirefu ni ile safari ya ndani ya nyumba, ya kutoka neno moja mpaka lingine: SIDA, mbasu, ndoki, malaria, halafu sukari mwishoni, wakati falanga zimekwisha kwa kuku. Katika mwaka wa 2021 lile shirikisho la kimataifa lilikadiria watu wazima milioni 24 wenye sukari katika Afrika kusini ya Sahara, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajui.

Tulipokuwa tukiandika haya tulikwenda kumsalimia mama mmoja wa kartie yetu ambaye mwanawe anachoma insulini kila siku. Umeme unakuja unapopenda, na friji ya jirani si ya kutegemea. Alituonyesha mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, na katikati mchanga uliolowa maji. Ndani yake, katika mfuko wa plastiki, mlikuwa na chupa ya dawa. Maji yanapokauka kwenye udongo huchukua joto, na humo ndani hubaki ubaridi hata jua la saa nane likiwa kali. Tulimwuliza nani alimfundisha.

"Ni koko wangu," akajibu. "Yeye alikuwa anaweka mule mayi ya kunywa."

Watoto wa nyumba wamekatazwa kuugusa. Kila asubuhi na kila jioni yeye mwenyewe huulowesha mchanga kwa kikombe.